Vioo viwili kwa sebule inayopigwa na jua la jioni

Dada, umeuliza kama madirisha ya vioo viwili yatapoza sebule yako ya Dar inayotazama magharibi. Kwa jua la jioni, usiyategemee sana.

Nje kukiwa na nyuzi 32 na ndani umeweka AC kwenye 24, hewa iliyofungiwa kati ya vioo inasaidia kweli: kioo kimoja hupitisha wati kama 45 kwa kila mita ya mraba, viwili karibu nusu yake. Lakini jua la saa kumi alasiri likipiga dirisha moja kwa moja huleta wati 500 na zaidi kwa eneo hilohilo, na vioo viwili vya kawaida bado huingiza takriban asilimia 70. Gusa sakafu chini ya dirisha muda huo, utalisikia joto lenyewe.

Anza na kivuli cha nje. Jua la magharibi liko chini, kibaraza kifupi hakilizuii; ning'iniza pazia la mianzi nje ya dirisha. Pazia la ndani hukutana na joto likiwa limekwisha kuingia. Fundi akisisitiza vioo viwili, mwulize kama vina utando wa kuzuia joto la jua. Kama havina, nakusihi pesa hiyo iende kwenye kivuli.