Kuzima kwa batani haitoshi, weka kufuli yako

Bro, umesema suparavaiza anataka uzime krasha, hiyo mashini ya kusaga plastiki, kwa batani nyekundu tu halafu uingize mkono utoe plastiki imekwama, eti kufunga aisoleta, ile swichi kubwa ya kukata stima yote ya mashini, ni kupoteza wakati. Usikubali. Hiyo batani inakata sakiti ya kontroli tu, stima ya fezi tatu, volti 415, bado iko hapo kwa kontakta, ile swichi ya ndani inayowashwa na batani, inangoja mtu wa shifti ingine aje abonyeze.

Enda kwa aisoleta, izime, piga kufuli yako na kadi yenye jina lako, ufunguo ukae mfukoni mwako si kwa droo ya ofisi. Mkiwa mafundi watatu, kufuli tatu. Jaribu kuwasha mashini, ikikataa ndio upime na testa, na hiyo testa kwanza ijaribu mahali unajua kuna stima, maana testa imekufa itakuambia kila kitu kiko sawa.

Kitu watu husahau ni hewa ya presha. Kiwanda fulani hapa Indaa, Industrial Area ya Nairobi, tulizima stima vizuri kabisa, nikafungua paipu ya silinda ya hewa, ikaruka ikagonga ukuta hivi karibu na sikio langu, kumbe hakuna mtu alitoa presha. Krasha yako nayo ina flaiwili, gurudumu zito linaloendelea kuzunguka hata stima ikikatwa, ngoja isimame kabisa, na uizuie rota, ile shafti inayobeba visu, kabla ya kugusa visu.

Akikulazimisha, ripoti. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema huwezi kurudishwa kwa hatari kubwa kabla irekebishwe.