Jibu: Mwanga unapigwaje picha ukiwa safarini?

Ndugu yangu, umeuliza kama ile video ya mwanga ukipita ndani ya chupa ni ya kweli au imechorwa kwa kompyuta. Ni ya kweli. Mwaka 2011 Ramesh Raskar, Andreas Velten na wenzao wa chuo cha MIT, Marekani, walirusha mipigo mifupi mno ya mwanga wa leza kwenye chupa ya soda iliyojazwa maji. Ukitazama kwa makini unaona kama kidonge cha mwanga kikitoka kwenye kitako, kikipita tumboni, kisha kizibo kinang'aa. Ndani ya maji mwanga husafiri kama kilomita 225,000 kwa sekunde badala ya karibu 300,000.

Ila usidhani video nzima ni mpigo mmoja wa leza. Kwa kila mpigo kamera ile hunasa mstari mmoja tu mwembamba, basi walirudia mipigo mamilioni inayofanana, wakigeuza kidogo kidogo kioo cha kuakisi ili kamera inase mstari unaofuata, na kompyuta ikashona mistari yote. Unachokiona ni mwanga uliotawanyika ukafika kwenye kamera; usiotawanyika hauonekani kutoka ubavuni.

Ile habari kwamba mwanga ulipunguzwa kasi hadi mita 17 kwa sekunde, mwendo wa bodaboda kabisa, ni jaribio jingine: la mwanafizikia Lene Hau na wenzake, mwaka 1999, kwenye wingu la atomi za sodiamu zilizopozwa kupita kiasi. Kasi ile hawakuipata kwa video. Walipima mpigo umechelewa kiasi gani kutoka, wakapima na urefu wa wingu, wakagawanya. Mimi hilo ndilo linanistaajabisha zaidi.