Ushauri kwa Wanaoanza Kupima Uchangamano wa Uhai

Ninyi mnaoanza utafiti wa asili ya uhai hapa Nakuru, kabla hamjaamini tarakimu yoyote ya uchangamano, yaani kiwango cha ugumu wa muundo wa kitu, inayodaiwa kutenganisha kilicho hai na kisicho hai, ulizeni kwanza imehesabu nini. Kipimo alichokieleza mwanahisabati Mrusi Andrei Kolmogorov mwaka 1965 hutazama urefu wa maelekezo mafupi kabisa yanayotosha kukiunda kitu upya. Kwa kipimo hicho, herufi zilizopangwa ovyo huzidi shairi, na ovyo si uhai.

Kundi la mwanakemia Lee Cronin wa Glasgow na mwanafizikia Sara Walker wa Arizona lilishika njia nyingine, ambayo naiona ina nguvu zaidi. Wao huhesabu hatua chache kabisa za kuunganisha vipande hadi molekuli ikamilike, na kipande kilichokwisha kuundwa hutumika tena bila kuhesabiwa upya. Sharti linalosahaulika mno ni la wingi: molekuli moja ngumu yaweza kutokea kwa bahati, lakini nakala zake zikiwa tele, lazima pawepo kinachoirudia kazi hiyo. Katika majaribio yao ya mwaka 2021, yaliyotumia spektromita ya masi, yaani kifaa kinachopima uzito wa molekuli na vipande vyake, ni sampuli zenye asili ya uhai pekee zilizovuka hatua 15. Mtafiti wa sayansi ya kompyuta Hector Zenil na wenzake wamepinga, wakisema kanuni za kawaida za kubana data hufikia matokeo kama hayo. Someni pande zote mbili.

Kisha nendeni Kariandusi, karibu na Gilgil, mkaombe kibonge cha udongo mweupe unaochimbwa pale. Ni mwepesi ajabu, huacha unga vidoleni, na kikemia karibu wote ni silika, yaani silikoni na oksijeni, hivyo hesabu ya hatua za molekuli haitawaambia lolote. Changanyeni chembe zake na tone la maji, mtazame kwa hadubini: mtaona maganda ya mwani wa ziwa la kale, yenye vitundu vilivyojipanga safu kwa safu, ganda baada ya ganda kwa umbo lile lile. Uchangamano umo katika umbo, na kifaa kinachopima molekuli hakiwezi kuuona. Fuwele za magadi nazo zimepangika vizuri, ila ni mpangilio mmoja mfupi unaojirudia, usiohitaji kiumbe chochote.

Kwa hiyo, kando ya kila alama mnayoiandika daftarini, tajeni mlichopima, kama ni molekuli au umbo, pamoja na kiasi kidogo kabisa ambacho kifaa chenu kinaweza kukigundua, ili alama ndogo isije ikasomwa kuwa ushahidi wa kutokuwapo kwa uhai.