Blanketi ya viraka ya bebe: fua kwanza, kushona itakuja nyuma

Mudogo wangu aliponiambia ana mimba, siku ile ile nikafungua sanduku yangu ya bikwembe, njo vitenge, nikamwambia huyu bebe nitamshonea blanketi ya viraka. Akaniangalia. "Yaya, viraka? Unataka watu wa Bukavu mzima wajue kama hatuna kitu?" Mi nikacheka, yeye hakucheka, ju kwetu kiraka ni ile ya kwenye goti ya suruali. Nikamueleza kama kule Alabama, Marekani, kuna kijiji inaitwa Gee's Bend, bamama weusi wa pale walikuwa wanashona blanketi na nguo za kazi zilizochakaa, ju ya baridi na ju ya kukosa, halafu mwaka 2002 blanketi zile zile zikatundikwa ukutani kwenye jumba la makumbusho kule Houston, watu wanakuja kuziangalia kama picha. Akanyamaza kidogo, akasema sawa, lakini usiweke jinzi ya papa.

Hii ni ya tatu kushona. Ya kwanza ilikufa, na njo maana naandika, ili yako isikufe vile.

Ya kwanza nilichukua kikwembe nyekundu mpya kabisa, nikaichanganya na kitambaa cheupe, nikashona wiki tatu kwa mkono usiku baada ya kazi, ikatoka nzuri mpaka jirani akapiga picha. Tukaifua mara moja. Nyeupe yote ikawa rangi ya maji ya kuoshea nyama, na vipande vingine vikajivuta vingine vikabaki, ikakunjana kama uso wa mtu amelamba ndimu. Kikwembe mpya inakuwaka na ile dawa ya kuikaza, ikiingia maji inatoka, kitambaa kinarudi nyuma, na kila kitambaa kinarudi kivyake. Kwa hiyo fua kila kitu kabla ya makasi kugusa. Fua tena. Koko aliniambia niweke chumvi ndani ya maji ili rangi ishike, niliweka, haikushika, chenye ilisaidia ni kufua tu mpaka maji inatoka safi, na ile nyekundu ilinikula mara tano. Namna ya kujua: lowesha kipande, kilaze juu ya kitambaa cheupe, pitisha fero ya moto. Nyeupe ikibaki nyeupe, endelea.

Na ufue mwezi wa saba ao wa nane. Mtu anayeanza kufua bikwembe kumi mwezi wa kumi na moja hapa kwetu, na mvua hii, atazianika mpaka mtoto aanze kutembea.

Kuhusu nguo zenyewe, usiende kununua. Angalia ndani ya nyumba kwanza: kikwembe ya tarehe 8 Machi, ile ya korali, ile ya ndoa ya binamu yenye familia mzima ilishona sawa, shuka ya zamani, shati. Chagua pamba, ile inakunja ukiifinya na mkono. Ikiteleza kama nylon acha, itakusumbua kwenye mshono na bebe atatoka jasho. Ukikosa rangi fulani, pita kwa kuture yoyote pale Kadutu, muombe vile vipande vinavyoangukaka chini ya masini, wengi wanavitupa, mi mmoja alinijazia mfuko nikamuachia pesa ya soda.

Hapa njo tuligombana. Nilikuwa nimetayarisha nguo tisa, na moja ilikuwa kikwembe tulivaa kwa matanga ya papa. Kwangu ilikuwa namna ya kumuweka papa pale, ju hakuona huyu mjukuu. Mama mukwe wa mudogo akaja kutusalimia, akaona vipande mezani, akakigusa kimoja, akauliza hii si ile ya matanga? Nikasema ndiyo mama. Akasema nguo ya kilio haifunike mtoto, na akakaa kimya ile kimya ya mtu amemaliza. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikafikiri, kumbe ile kikwembe papa hakuwahi hata kuiona, tuliinunua yeye ameshalala. Nikaenda kutafuta shati yake ya mistari ya bluu, ile alivaaka kazini, kola imekwisha lakini mgongo bado mzima. Nikakata mgongo. Kwa hiyo ushauri wangu hapa: uliza wazee wa pande zote mbili KABLA ya kukata, na wakikataa usibishane haraka.

Hesabu sasa. Ya bebe inatosha santimetre 90 kwa 110. Kila kipande unakata 12 kwa 12, mshono unakula santimetre 1 kila upande, inabaki 10. Vipande 9 kwa upana, 11 kwa urefu, jumla 99. Mi nilikuwa na nguo tisa, kila moja ikatoa vipande 11, na kipande cha nguo cha 40 kwa 50 kinatoa hata 12, kwa hiyo unaona shati moja ya mtu mzima inatosha.

Kipimo ukikate kwa kartoni ngumu, na uchore na kipande cha sabuni iliyokauka, ile nyembamba inabakiaka mwisho, inaandika vizuri na inatoka kwa maji. Lakini kata vipimo vitatu ao vinne, si kimoja. Mi nilitumia kimoja, nilipofika kama kipande cha 40 pembe za kartoni zilikuwa zimeisha, vipande vya mwisho vikatoka vidogo na sikuona mpaka nimeshaanza kuunga. Na usidharau milimetre! Mshono ukiingia ndani milimetre 2 zaidi, unapoteza milimetre 4, ju unakula pande mbili, na kwa mstari mmoja una mishono 8, basi umeshapoteza zaidi ya santimetre 3, mstari wa juu na wa chini havikutane tena. Mtu atakuambia vuta kidogo itafika. Usivute. Fumua.

Panga vyote 99 kitandani kwanza, toka nje, rudi uangalie, piga picha na telefone ndipo ushone, maana mtoto wa jirani atapita juu. Unga mstari kwa mstari. Kila mstari ukiisha piga fero, mshono wa mstari wa kwanza ulalie kulia, wa pili ulalie kushoto, hivi hivi, ili ukiunganisha mistari mishono ikae pembeni ya mwenzake isirundikane. Siku umeme ilikata niliazima fero ya makala kwa jirani, ikaangusha cheche, nikapoteza vipande viwili. Weka kitambaa kilicholowa katikati.

Ndani, watu wananiuliza unaweka nini, ile pamba ya kujazia ya Wazungu utaipata wapi. Mi naweka blanketi ya mitumba, nyembamba, iliyofuliwa, haitembei ndani na haifanye mabonge. Usiweke sponji. Nyuma chukua kikwembe moja laini, ikate kubwa kuliko juu kwa santimetre 5 kila upande. Laza ya nyuma chini, blanketi katikati, viraka juu, nyoosha na mikono, halafu piga bandi, ile mishono mirefu ya kushikilia tu, utaifumua nyuma, kwa uzi wa rangi ingine kuanzia katikati ukienda pembeni. Ukianza pembeni upepo na mikunjo vyote vitakusanyika katikati na hautavitoa. Kisha shona kabisa, mishono midogo ya kupita tabaka zote tatu, kando ya kila mraba. Mwisho kunja ile ziada ya nyuma mara mbili, ije juu ya viraka, uishone. Kuna wanaosema lazima ukate utepe wa pembeni, ni nzuri lakini kwa mara ya kwanza ni kujitesa bure.

Vifungo, shanga, riboni, hapana. Bebe atang'oa, ataweka mdomoni. Pini uhesabu wakati unafungua boksi na uhesabu wakati unamaliza, mi niliingiza 50 nikatoa 49, nikapapasa blanketi mzima usiku mpaka nikaipata ndani ya pindo.

Na hii si ya kumfunika bebe akilala peke yake usiku, mpaka apitishe mwaka mmoja, ju inaweza kumpanda kwa uso na hana nguvu ya kuitoa. Najua Bukavu iko baridi, tuko karibu metre 1500 juu ya bahari, lakini usiku umvalishe nguo za kutosha. Blanketi ni ya kumlaza chini akicheza unamuangalia, ao kumfunika miguu ukimpakata.

Bebe alizaliwa mwezi wa kumi, msichana. Mama mukwe alipokuja kumuona alimlaza mwenyewe juu ya blanketi, akatafuta kikwembe yake ya korali kati ya viraka, akaipata, bebe akacheua maziwa palepale juu yake. Mudogo akaruka nayo kwenda kuifua. Mi nikasimama pembeni ya beseni naangalia maji. Ilibaki safi.