Maswali ya Wasomaji: Glavu za Tanurini

SWALI: Mhariri, ninajifunza ufundi wa viungo bandia mjini Moshi. Mwalimu hutulazimisha kuvaa glavu tunapotoa bamba la polipropilini (aina ya plastiki) tanurini, lakini hutukataza kuzivaa tunaposaga ukingo wa soketi (sehemu ya kiungo bandia ambamo kigutu huingia). Je, hajipingi?

JIBU: Ndugu msomaji, mwalimu wako hajipingi hata kidogo. Bamba hilo huiva kwenye takriban nyuzi 180 za Selsiasi, na dalili ya kuiva ni kwamba weupe wake hutoweka likawa angavu kama kioo. Hapo ndipo hutandazwa juu ya umbo la plasta huku pampu ikifyonza hewa, na likigusa ngozi tupu hunata na kuendelea kuunguza.

Kwenye mashine ya kusagia hatari ni nyingine: glavu ikinaswa na kichwa kinachozunguka huvuta mkono mzima, kama ifanyavyo mikono ya shati isiyofungwa. Vaa miwani na barakoa, kwa maana vumbi la plastiki huwasha mapafu, kisha pitisha kidole ukingoni mashine ikiwa imezimwa; kikwaruzo kidogo usichokijali kitachubua kigutu cha mgonjwa.