Kumwamsha mbwa kiziwi bila kumshtua

Mbwa wako kiziwi aking'aka ukimgusa usingizini, mara nyingi huo si ukali, ni mshtuko: hakusikia hatua zako. Kwa hiyo usianze na mkono. Weka kipande kidogo cha nyama kiganjani, kisogeze sentimita chache mbele ya pua yake, kisha subiri. Utaona pua ikichezacheza kabla macho hayajafumbuka. Akiinua kichwa tu, mpe. Fanya hivyo kila unapomwamsha, kwa wiki nzima au zaidi.

Mguso mfundishe kando, akiwa macho: vidole viwili begani, polepole, nyama ifuate papo hapo. Bega lilelile kila mara. Akianza kugeuka kwa furaha ukimgusa, ndipo uujaribu akiwa amesinzia.

Kukanyaga sakafu kwa kishindo sikushauri sana. Kwenye mbao mtetemo humfikia, kwenye zege karibu haufiki, na ukizidi humtisha vilevile. Watoto wasimwamshe kabisa kwa sasa. Na kama kung'aka kumeanza ghafla, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Huenda ana maumivu pale unapomgusa.