Kabla hujaiamini namba ya kasi, angalia kompaila imefanya nini

Kijana mmoja wa Wete ameniletea ujumbe. Programu yake ya C inajumlisha rikodi 1,000,000 za uzito wa karafuu, kila moja gramu kwenye int, na anataka kujua kati ya njia zake mbili ipi yenye kasi zaidi. Kwa -O2, swichi inayoitaka kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine) iuharakishe msimbo, alipata nanosekunde 40. Akashituka, akahamia -O0, yaani bila ya kuharakishwa, akapata namba kubwa ikamtuliza, na hiyo ndiyo anayotaka kumpelekea mwalimu wake.

Mdogo wangu, ulishituka kwa haki. Int milioni moja ni megabaiti 4. Prosesa ya GHz 3 yenye AVX2 (amri zinazoshughulikia namba nyingi kwa pamoja) hujumlisha int 8 kwa amri moja, basi zinatakiwa amri 125,000. Hata ikimaliza mbili kwa kila mpigo wa saa yake, ni mikrosekunde 20 hivi. Nanosekunde 40 ni mipigo 120 tu. Lupu yako, kile kipande kinachorudia kujumlisha, haikuwapo.

Kompaila imeifuta. Jumla umeikokotoa lakini hukuichapisha wala kuipeleka popote, na kanuni za C zinaitaka kompaila ilinde yale yanayoonekana nje ya programu; muda haumo. Hata ukiichapisha, data ikiwa imeandikwa ndani ya msimbo, kompaila inaweza kuimaliza hesabu kabla programu haijaanza. Clang, moja ya kompaila za C, ikiona lupu inayojumlisha 0 hadi n, huiondoa ikaweka fomula.

Lakini -O0 si dawa, na hili nalisema kwa mkazo kwa sababu wengi wanaishia hapo. Kwa -O0 karibu kila kigeu huandikwa kwenye steki (sehemu ya kumbukumbu) na kusomwa tena kila hatua. Unapima msimbo ambao hakuna atakayeutumia, na njia iliyoshinda huko inaweza kushindwa kwenye -O2.

Baki na -O2, uzibe ncha mbili. Ndani ya lupu inayorudia kipimo andika:

asm volatile("" : : "r"(uzito) : "memory");
jumla = jumlisha(uzito, n);
asm volatile("" : : "r"(jumla));

Mistari hiyo ya asm yenyewe haina amri ndani yake. Wa kwanza unaiambia kompaila kwamba huenda safu ya uzito imebadilika, kwa hiyo haiwezi kujumlisha mara moja na kutumia jibu hilo kwa marudio yote. Kiashiria lazima kipitishwe: "memory" peke yake hailindi safu ya ndani ambayo anwani yake haijatoka nje. Wa mwisho unaifanya jumla ihisabiwe kuwa imetumika.

Wapo wanaoweka fanksheni kwenye faili jengine. Inafaa mpaka mtu awashe -flto, inayoiwezesha kompaila kuyaona mafaili yote kwa pamoja. Na alama ya noinline huzuia fanksheni kuingizwa mahali inapoitwa, basi; kwenye kompaila ya GCC, toleo la 8 na kuendelea, alama ya noipa inaziba zaidi. Rust ina std::hint::black_box tangu 1.66, Go ina b.Loop tangu 1.24, Java ina Blackhole ya JMH, zana yake ya kupimia kasi. Tumieni hivyo, msibuni vyenu.

Kisha hakikisha. Endesha objdump -d, inayoonesha amri za mashine zilizomo ndani ya programu, uitafute lupu kwa macho yako. Halafu ipe rikodi 2,000,000: muda usipofika karibu mara mbili, kuna kitu kimefutwa.

Kompyuta nayo ichungwe. Umeme ukikatika ikabaki kwenye betri, prosesa nyingi hupunguza kasi. Joto la kaskazi nalo huishusha kasi katikati ya kipimo. Iache kwenye umeme, funga kazi kwenye koa (kiini) moja ya prosesa kwa amri ya Linux taskset -c 2, uchukue namba ya katikati ya marudio mengi.

Kwenye ripoti taja toleo la kompaila, swichi zote na prosesa. Na hicho kipande cha objdump nitumie kabla hujaipeleka.